Jinsi ya kufumbua ugomvi wa mamwinyi wa Ulaya ya kale bila kupotea njiani: kesi ya Champagne, 1201 hadi 1234

Wadau habari zenu. Kuna watu wameniomba niandike namna ninavyofanya nikikutana na habari za mamwinyi wa Ulaya ya zama za kati, zile za fulani kamvamia fulani, mara kala kiapo, mara kakivunja, mara Papa kamtenga na Kanisa, na ukifika ukurasa wa tatu hujui tena nani mtoto wa nani. Mimi nafundisha historia kidato cha tano na sita, na hii kazi nimeifanya miaka na miaka kwa manila na maka peni ukutani, kwahiyo naweka hapa njia yangu yote na nitatumia kesi moja tu, ya jimbo la Champagne, mashariki ya Paris.

Niseme mapema ninachoamini: ugomvi wa hivi unaanza na tarehe ya kuzaliwa. Ukishajua mtoto atatimiza umri lini, nusu ya vita inajieleza yenyewe. Twende.

Hatua ya 1: Safisha majina kwanza

Mtawala wa Champagne alikuwa na cheo ambacho Wafaransa wanaita comte. Ukikuta mahali pameandikwa "Hesabu wa Champagne" ujue hiyo ni programu ya kutafsiri imechanganya neno la cheo na neno la kuhesabu, achana nayo. Mimi nasema konti, na aliye juu yake kidogo nasema duki.

Sasa shida yenyewe. Kwenye kesi hii kuna Thibaut watatu: Thibaut III wa Champagne, mwanawe Thibaut IV, halafu Thibaut I duki wa Lorraine ambaye ni adui. Kuna Blanche wawili, Blanche wa Navarre na Blanche wa Castile, na wote wawili ni wajane waliokaimu kiti kwa niaba ya watoto wao. Mara ya kwanza nafundisha hii mada niliwachanganya hao wawili mbele ya darasa zima na ilinichukua vipindi viwili kurekebisha, tangu siku hiyo nawaita kama tunavyoitana mtaani: Blanche wa Navarre ni Mama Thibaut, Blanche wa Castile ni Mama Louis. Fanyeni hivyohivyo, inasaidia sana.

Hatua ya 2: Anza na marehemu

Usianze na anayepigana, anza na aliyekufa akaacha mali. Hapa ni Konti Henri II. Mwaka 1190, kabla hajaenda Vita vya Msalaba, aliwaapisha mabwana wake kwamba asiporudi basi kiti kiende kwa mdogo wake Thibaut III. Na kweli hakurudi. Alibaki huko Mashariki akamwoa Isabella, malkia wa Yerusalemu, akazaa naye mabinti, na mwaka 1197 akaanguka kutoka dirishani mjini Acre akafa. Mdogo wake akakalia kiti kama ilivyoapwa.

Chora mstari chini ya hao mabinti, wawili kati yao watarudi kwenye habari hii: Alix, aliyekuja kuwa malkia wa Cyprus, na Philippa. Kwenye manila mimi nawaandika kwa rangi nyekundu, maana walikuwa mbali sana na Champagne, wadogo, hakuna aliyewauliza kitu, lakini damu yao ni ya kaka mkubwa. Mtu wetu yeyote aliyewahi kukaa kikao cha mirathi anajua hapo pana moto chini ya majivu.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya umri

Hii ndo hatua ya maana kuliko zote so msiiruke. Thibaut III akafa tarehe 24 Mei 1201, kijana tu, akiwa anajiandaa kuongoza safari mpya ya Vita vya Msalaba. Mkewe, Mama Thibaut, alikuwa na mimba ya kujifungua. Tarehe 30 Mei, siku sita baadaye, akajifungua mtoto wa kiume. Hebu ikae kichwani hiyo: ndani ya wiki moja mwanamke ni mke, ni mjane, ni mzazi na ni kaimu wa jimbo tajiri ambalo lilikuwa na askari wa farasi karibu elfu mbili waliokuwa na viapo kwake.

Andika 1201, ongeza 21, unapata 30 Mei 1222. Iandike kubwa ukutani. Kila alichofanya huyu mama kwa miaka 21 kinaelekea hapo.

Alianza kwa mfalme wa Ufaransa, Philippe Auguste. Akaahidi hataolewa tena bila ruhusa ya mfalme na akamkabidhi ngome za Bray na Montereau kama dhamana, yaani akafunga mlango wa kwanza kabisa, mlango wa baba wa kambo. Halafu mwaka 1209 akapata kwa mfalme makubaliano kwamba kesi yoyote ya kudai Champagne isisikilizwe mpaka mtoto atimize miaka 21. Watu wengi wakisoma wanapita tu hapo, mimi naona ndo ushindi wake mkubwa kupita vita yoyote aliyopigana, alinunua muda.

Hatua ya 4: Andika dai la kila upande kwa maneno yake

Gawa karatasi katikati.

Kushoto mdai. Érard wa Brienne, bwana wa Ramerupt, bwana mdogo wa hapohapo Champagne. Huyu alisafiri mpaka Acre akamwoa Philippa, na huko mfalme alikuwa Jean wa Brienne, ndugu wa ukoo wake, ambaye mke wake marehemu alikuwa dada wa Philippa kwa mama. Dai lake: mke wangu ni mtoto wa kaka mkubwa, Champagne ni yake.

Kulia Mama Thibaut. Jibu la kwanza: baba wa Philippa mwenyewe aliapisha watu kiti kiende kwa mdogo wake. La pili: Érard na Philippa wana undugu wa karibu, ndoa haifai kwa sheria ya Kanisa. La tatu ndilo zito, kwamba Philippa hakuzaliwa ndani ya ndoa halali, maana mama yake Isabella alitenganishwa kwa nguvu na mume wa kwanza, Humphrey wa Toron, ambaye alikuwa bado yuko hai. Na historia inampa nafasi ya kusema hivyo: Isabella akaozwa Conrad wa Montferrat, Conrad akauawa 28 Aprili 1192, na tarehe 5 Mei, wiki moja tu, Isabella akiwa mjamzito akaozwa kwa Henri.

Ukiwa unafundisha, waambie wanafunzi wasome pande zote mbili kwa sauti kabla hawajachagua nani ana haki. Mimi binafsi nikisoma ya Philippa naumia, binti anaitwa si halali kwa sababu ya mambo ambayo mama yake alifanyiwa na wanaume wenye siasa zao, lakini hiyo ndo ilikuwa silaha na ilitumika.

Hatua ya 5: Kila jirani muulize "wewe una lako gani?"

Hapa wengi wanakosea. Wanaandika "mabwana walimuunga mkono Érard" wakamaliza. Hapana, kila mmoja alikuja na kidonda chake, Érard alikuwa kama mlango uliofunguliwa watu wakapita.

Simon wa Joinville, huyu kazi yake ilikuwa kuwa seneshali, yaani msimamizi mkuu wa nyumba ya konti, na alitaka cheo hicho kitambulike kuwa cha kurithiwa kwenye ukoo wake. Mama Thibaut akakataa. Simon akaenda kwa Érard. Unaona? Philippa hata hajui.

Duki Thibaut wa Lorraine, jirani wa mashariki, naye akamuunga mkono Érard, lakini papo hapo alikuwa na ugomvi mwingine kabisa na Frederick II, mfalme wa Wajerumani, kwa sababu aliteka mji wa Rosheim kule Alsace. Upande wa pili duki wa Burgundy, Eudes III, akasimama na Mama Thibaut, na Henri konti wa Bar pia.

Chora mishale. Kila mshale uandike sababu juu yake, ardhi, cheo, mji, kiapo. Mshale usio na sababu ufute, rudi ukasome tena.

Hatua ya 6: Mahakama, halafu panga

Julai 1216 pale Melun mbele ya mfalme, maaskofu na mabwana wakuu wa ufalme wakaamua: mtoto na mama yake wasishtakiwe mpaka mtoto afike miaka 21. Umeona 1209 inavyofanya kazi? Hawakuamua Philippa ni halali au si halali, waliamua tu kwamba bado muda. Papa naye akawa upande wa mama, waasi wakatengwa na Kanisa.

Érard hakukubali, wakaingia vitani. Tafuta ramani, weka alama Troyes, Nancy na Amance. Mwaka 1218 Frederick II akaja kumwadhibu duki wa Lorraine kwa lile la Rosheim, Mama Thibaut akaungana naye, duki wa Burgundy na konti wa Bar wakaja. Nancy ikachomwa moto. Duki akazingirwa kwenye ngome yake ya Amance na tarehe 1 Juni akajisalimisha. Mwezi huohuo Simon wa Joinville akapatana na mama, akaelewana naye kuhusu kile cheo. Muasi mmoja mmoja anatolewa kwenye kundi kwa kupewa au kunyang'anywa kile kile alichokijia.

Hatua ya 7: Fuata pesa na ndoa

Novemba 1221 Érard na Philippa wakaachia dai lao kwa livre (pesa ya Ufaransa ya wakati huo) 4,000 taslimu na pato la livre 1,200 kila mwaka. Miezi sita na ushee kabla ya ile tarehe ukutani. Pesa inatoka wapi? Champagne ilikuwa na magulio sita kwa mwaka kwenye miji minne, Troyes, Provins, Lagny na Bar-sur-Aube, wafanyabiashara wa vitambaa kutoka Flanders wanakutana na Waitalia wenye viungo na hariri, na konti anachukua ushuru wake. Bila magulio hakuna kununua muda.

Ndoa nayo. Yule duki wa Lorraine akafa 1220, na mjane wake Gertrude akaolewa na nani? Na Thibaut wetu mdogo, mwaka huohuo, hana hata miaka ishirini. Haikudumu, 1222 wakaachana, ila ukiweka kwenye manila unaelewa jinsi adui wa jana anavyogeuka mkwe.

Hatua ya 8: Usifunge kitabu mtoto akikua

30 Mei 1222 Thibaut IV akakabidhiwa. Wengi wanaishia hapa, wanakosa utamu. Mwaka 1226 akiwa na mfalme Louis VIII kwenye mzingiro wa Avignon, siku 40 za utumishi wa kijeshi alizodaiwa na mfalme zikaisha akaondoka zake, mfalme akafa Novemba, maneno yakaanza kwamba kamtilia sumu. Sasa kiti cha Ufaransa kina mtoto wa miaka 12, Louis IX, na kaimu ni mama yake, Mama Louis. Thibaut akaanza na waasi akina Pierre duki wa Brittany, halafu 1227 akahamia upande wa mama na mtoto. Wenzake hawakumsamehe, wakaivamia Champagne na mdomoni wana dai la yule binti mwingine wa Henri, Alix malkia wa Cyprus. Thibaut akachoma miji yake mwenyewe, Épernay, Vertus na Sézanne, maadui wasikute chakula.

Watu wa Troyes wakaona wamebaki peke yao, wakatuma ujumbe. Kwa nani? Kwa Simon wa Joinville, muasi yuleyule wa 1216. Akatoka na watu wake usiku ulipoingia, na kabla hakujapambazuka alikuwa ndani ya Troyes, mji ukapona. Aliyetuachia habari hii ni mwanawe Jean. Mimi nikifika hapa darasani huwa narudi kwenye manila, natafuta mshale wa Simon ulioandikwa "cheo" nauvuta upande wa pili, na darasa linanyamaza.

Mfalme mdogo na mama yake wakaja na jeshi, wavamizi wakarudi nyuma. Alix mwenyewe akafika Ufaransa 1233, na 1234 akamaliza dai lake kwa livre 40,000 taslimu pamoja na ardhi ya kumletea livre 2,000 kwa mwaka. Mlinganishe na Érard, 4,000 na 1,200. Thibaut hakuwa na kiasi hicho mkononi, ikabidi amuuzie mfalme haki zake za ubwana juu ya Blois, Chartres, Sancerre na Châteaudun. Mwaka huohuo mjomba wake wa Navarre akafariki bila mrithi, na Thibaut akaenda kuvishwa taji huko kusini. Mshale wa mwisho kwenye manila yangu unatoka Blois unaingia Paris, na juu yake nimeandika 40,000.