Kibali cha ujenzi Dar: anza na kiwanja, ramani baadae

Wakuu, karibu kila wiki napigiwa simu na mtu ambae kashamwaga msingi afu ndo anauliza kibali kinapatikanaje. Nasimamia saiti za nyumba za kawaida huku Goba, Madale na Kigamboni, mwaka wa tisa sasa, na nachokiona ni kwamba watu wengi wanachukulia kibali ni habari ya ramani, yani ukishakuwa na mchoro mzuri umemaliza. Sio kweli. Maombi mengi niliyoyaona yakikwama, kilichokwamisha ni kiwanja chenyewe. Kwahiyo nawaandikia nyie mnaojenga na mafundi wenzangu pia, maana tofali zikibomolewa fundi nae anaingia kwenye lawama na hela yake ya mwisho haionekani.

Kabla hujamlipa mchora ramani hata shilingi, toa makaratasi ya kiwanja uyaweke mezani. Una nini? Hati, ofa (barua ya kupewa kiwanja kabla ya hati), leseni ya makazi au una mkataba wa mauziano tu uliogongwa muhuri serikali ya mtaa? Ule mkataba wa mtaa unaonyesha mmeuziana, basi, hausemi kama pale panaruhusiwa kujengwa wala kujengwa nini. Nenda idara ya ardhi ya halmashauri yako (Dar tuna Jiji ambalo ndo Ilala ya zamani, Kinondoni, Ubungo, Temeke na Kigamboni) ukiwa na namba ya kiwanja na kitalu, waambie unaomba kuona mchoro wa mipangomiji wa eneo lako. Kama una hati fanya na upekuzi kwa msajili wa hati ujue jina lililopo ni la nani na kama kuna mkopo wa benki umekaa juu yake. Usione aibu kuuliza hata kama aliekuuzia ni mjomba wako.

Kwenye ule mchoro angalia kitu kimoja, matumizi. Kila kiwanja kilichopangwa kina matumizi yake: makazi, makazi na biashara, biashara tupu, shule, nyumba ya ibada, eneo la wazi na kadhalika. Hapa ndo watu wanaumia. Kuna mama mmoja nilimsimamia nyumba, akaongeza fremu sita mbele upande wa barabara bila kuniambia, fundi mwingine akajenga mpaka kwenye lenta. Kiwanja kilikuwa cha makazi. Wakaja wakaguzi, wakachora X, kazi ikasimama miezi kumi na moja, na sementi iliyokuwa stoo ikaganda yote. Ile hela ilikuwa ya kiinua mgongo cha marehemu mume wake. Naumia mpaka leo nikikumbuka, maana angeomba kubadilisha matumizi mapema inawezekana kabisa angepewa, ile barabara ina maduka mengi tu.

Kubadilisha matumizi kunafanyika chini ya Sheria ya Mipangomiji ya mwaka 2007. Unaandika ombi kwa halmashauri ukieleza unataka kutoka matumizi gani kwenda yapi, unaambatanisha hati na risiti za kodi ya pango la ardhi ambayo haina deni, tangazo linatolewa ili majirani wanaopinga waseme, ombi linaingia kamati ya mipangomiji afu linapanda wizara ya ardhi. Sio kazi ya wiki moja. Na jua kwamba ikishakuwa biashara kodi ya pango inapanda, kila mwaka, kwahiyo piga hesabu kama fremu zako zitailipa. Usianze kujenga kwa maneno ya "faili lako lipo hatua nzuri", subiri barua.

Kitu cha pili ni hifadhi, yani eneo la pembeni ya maji, barabara na miundombinu ambalo halijengwi. Hapa hata uwe na wakili mzuri namna gani utapata tabu. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka bahari, ziwa, ukingo wa mto au bwawa, na mto maana yake sio Rufiji tu, kuna mito huku mitaani kwetu ambayo kiangazi unaivuka kwa kuruka na mtu anakuuzia kiwanja pembeni yake mwezi wa nane akikwambia ni mtaro. Waliobomolewa bonde la Msimbazi mwisho wa 2015 na mwanzo wa 2016 wengine walikaa pale miaka mingi. Barabara nayo hivyohivyo, Sheria ya Barabara ya 2007 iliongeza hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 kuwa mita 30 kila upande kuanzia katikati ya barabara, na Morogoro Road kwenye kipande cha Kimara kuelekea Kibaha walihesabu mita 121.5, ndo ile bomoabomoa ya 2017. Kwahiyo kama kiwanja kipo karibu na barabara kubwa, bomba la gesi, reli au nguzo za umeme mkubwa, mchukue mpima mwenye leseni akuonyeshe bikoni zako (alama za mipaka ya kiwanja) kwa kifaa, sio kwa mguu na kamba ya katani.

Kama eneo halijapimwa kabisa usikate tamaa, ila usijidanganye. Ulizia mtendaji wa mtaa kama kuna urasimishaji (kupanga na kupima maeneo yaliyojengwa kiholela) unaendelea, jiunge, changia, upimiwe. Kuna mitaa watu waligoma kuchangia, barabara zikapita kwenye sebule zao kwenye mchoro kwa sababu hawakwenda kwenye kikao kusema nyumba ipo hapo.

Haya, kiwanja kiko safi. Sasa ramani. Mchoro lazima uonyeshe namba ya kiwanja, jina la mmiliki, jina la mchoraji, plani ya kila floo, mkato (jengo likionekana kama limekatwa katikati), sura za pande zote, msingi, paa, na mchoro wa saiti unaoonyesha jengo limekaa wapi ndani ya kiwanja, umeacha mita ngapi mbele, nyuma na pembeni, shimo la maji taka liko wapi. Hapo kwenye mita za kuacha na asilimia ya kiwanja inayojengwa msikopi ramani ya rafiki, inategemea ukubwa wa kiwanja na aina ya jengo, muulize afisa mipangomiji. Ghorofa inahitaji na michoro ya mhandisi, nondo ngapi na za unene gani, imesainiwa na mhandisi aliesajiliwa. Nyumba ya chini wengine wanapitisha bila hiyo, mimi nashauri kama udongo wako ni wa mfinyanzi au kuna mteremko tafuta mhandisi hivyohivyo, hela yake ni ndogo kuliko kuziba nyufa.

Maombi sa hivi yanafanyika kwenye mfumo wa TAUSI wa TAMISEMI, mtandaoni. Unajisajili kwa NIDA, unachagua halmashauri, unapakia viambatanisho. Skani vizuri, picha ya simu yenye kivuli cha mkono inarudishwa. Ada inatoka kwa kontrol namba, unalipa benki au kwa simu. Mtu akikwambia tuma kwenye namba yake "aharakishe", hamna kibali hapo. Ndani ya halmashauri faili linaangaliwa na watu wa ardhi, mipangomiji, afya, mhandisi, na majengo makubwa au ya watu wengi zimamoto, miradi mikubwa NEMC (baraza la mazingira). Wakiwa na hoja wanarudisha na maelezo, jibu hoja yenyewe usipakie tena vilevile. Ukuta wa fensi na ukarabati mkubwa navyo ulizia, halmashauri nyingi zinavitakia kibali chake, wengi hawajui.

Ukipata kibali soma masharti nyuma, kina muda wake, kikiisha hujajenga unaomba upya. Toa kopi, laminisha, iwe saiti siku zote pamoja na michoro yenye muhuri. Mwite mkaguzi wa majengo aone msingi kabla hujafukia, usisubiri aje mwenyewe. Na usiongeze floo ambayo haipo kwenye kibali, nawaomba sana. Jengo la ghorofa 16 lililoanguka mtaa wa Indira Gandhi tarehe 29 Machi 2013 liliua watu 36, na tarehe 16 Novemba 2024 likaanguka jingine Kariakoo, tulikaa siku kadhaa tunasubiri ndugu zetu watolewe chini ya zege. Nguzo ilipigiwa hesabu ya uzito flani, huwezi kuibebesha mwingine kwa sababu wapangaji wapo.

Wakandarasi, mnajua CRB (bodi ya usajili wa makandarasi) ina madaraja kuanzia la kwanza mpaka la saba na kila daraja lina kikomo cha kazi. Usichukue ghorofa kwa leseni ya kuazima, jina litakalosomwa siku ya tatizo ni lililopo kwenye bango. Weka bango lenye mmiliki, mkandarasi, mhandisi na namba ya kibali, sajili saiti OSHA (wakala wa usalama na afya mahali pa kazi), vaeni helmeti. Jirani nae, kama unaona wanachimba mita moja kutoka ukuta wako na hamna bango, nenda kwa mtendaji wa mtaa leo, afu halmashauri kwa mkaguzi wa majengo na barua yenye picha na tarehe, ubaki na kopi iliyogongwa imepokelewa. Ukisubiri mpaka ukuta wa mwenzio usimame juu ya mtaro wako ndo uende, umechelewa.

Ndugu zangu mlioko nje mnaotuma hela kwa kaka au shemeji, kabla ya hela ya msingi ombeni picha ya kibali chenye namba, na mpigie halmashauri kuhakiki ile namba. Na nyumba ikiisha kuna cheti cha kuruhusiwa kutumia jengo, omba ukaguzi wa mwisho ukichukue. Hii wengi tunairuka kwa sababu tayari tumeshahamia na pazia zimewekwa, ila ukija kutaka mkopo wa benki au kuuza, au unataka kupangisha kampuni, ndo karatasi wanayoiulizia, na kuipata baada ya miaka mitano wakati mkaguzi haoni tena msingi wala nondo ni shughuli nzito kweli.