Kabla hujalipia bunduki ya zamani ya jeshi, soma namba zake

Ukiwa na kibali mkononi na umepata bunduki ya kukusanya, usianze na uzuri wa mbao. Anza na namba. Kwenye Mauser K98k ya Ujerumani, hata vipande vidogo kwa kawaida vilipigwa tarakimu mbili za mwisho za namba ya bunduki, kwa hiyo kipande kilichobadilishwa hujitaja chenyewe. Mosin-Nagant nyingi, bunduki za Kirusi, zilikarabatiwa kwenye karakana za jeshi la Kisovieti: utakuta namba ya zamani imechorwa mstari na mpya imegongwa pembeni. Si kasoro, ila usiilipie bei ya bunduki ambayo vipande vyake vyote ni vya asili.

Kisha hakikisha haina risasi, toa bolti (kipande kinachofunga nyuma ya mtutu), mulika tochi ndani ya mtutu. Mifuo, yaani mistari ya mzunguko iliyochongwa ndani ya mtutu, iwe na kingo kali. Weusi wa grisi hutoka; vishimo vya kutu havitoki. Vingi huletwa na fataki (viwashio vya risasi) za zamani zinazoacha chumvi; chumvi hiyo husafishwa kwa maji kwanza, mafuta baadaye.

Na tafadhali, usipige msasa kitako! Mihuri ya wakaguzi ikifutika, hairudi.