Kuunganisha laptopu na projekta au skrini ya nje: kagua tundu kabla ya kununua adapta

Dodoma ni mji wa mikutano. Ukumbi mmoja unaweza kupokea wazungumzaji sita kwa siku, na kila mmoja kaja na mashine yake. Aliyetoka Kondoa ana Dell ya zamani yenye VGA, mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) ana ThinkPad yenye kitundu kidogo asichokijua jina, na ofisa kutoka Mji wa Serikali, Mtumba, ana laptopu nyembamba yenye USB-C mbili basi. Projekta iko darini na waya wa HDMI ni mmoja. Haraka hiyo ndiyo humtuma mtu dukani akanunue adapta yoyote inayoingia.

Kuingia si kufanya kazi. Adapta za kawaida hazitengenezi picha. Kazi yao ni kupitisha au kugeuza picha ambayo tundu la laptopu limeshaitoa. Tundu lisipotoa picha, adapta ya bei kubwa na ya bei ndogo zitakupa kioo cheusi kilekile.

Litambue tundu lako

VGA ni pana, mara nyingi ya bluu, ina matundu 15 katika safu tatu na skrubu mbili pembeni. Ilianza kwenye kompyuta za IBM mwaka 1987. Ni ya analogia, yaani hubeba picha kama mawimbi ya umeme, si kama tarakimu za kidijitali, na haibebi sauti.

HDMI ina pini 19 na pembe zake mbili za chini zimepunguzwa. DisplayPort inafanana nayo kwa ukubwa, ila imekatwa kona moja tu. Hapo ndipo wenye HP EliteBook 840 G1 hukosea: wanaona tundu la upana ule, wanasukuma HDMI kwa nguvu, wanapinda vyuma vya ndani. Mashine hiyo ina DisplayPort na VGA, haina HDMI. Kile kitundu kidogo cha ThinkPad T440 au X240, na cha MacBook nyingi za 2009 hadi 2015, ni Mini DisplayPort.

USB-C ndiyo inayosumbua zaidi, kwa sababu umbo ni moja lakini kazi zinatofautiana. Nyingine hutoa picha, nyingine ni za chaji na mafaili tu. Tazama alama iliyo kando ya tundu. Herufi D na P zilizoshikana ni DisplayPort, na alama ya radi yenye mshale ni Thunderbolt. Zote mbili hutoa picha. Alama ya betri au ya USB peke yake haikuahidi chochote. Pasipo na alama, bonyeza Windows na R, andika msinfo32, soma mstari wa "System Model", kisha tafuta sifa za modeli hiyo kwenye tovuti ya mtengenezaji na uangalie kama neno DisplayPort limeandikwa kwenye maelezo ya USB-C.

Angalia na waya wenyewe. Waya wa USB-C unaokuja na chaja ya simu kwa kawaida hauna nyuzi za kubeba picha. Ukiuchomeka kwenye skrini ya USB-C, laptopu inaweza kuanza kuchaji huku skrini ikibaki nyeusi. Hapo skrini haina kosa lolote.

Kama USB-C yako haitoi picha, au laptopu ina USB za kawaida tu, kuna adapta za DisplayLink. Hizi hupitisha picha kama data, kwa hiyo zinahitaji programu yake isakinishwe kwanza. Kwa slaidi na jedwali zinafaa sana, kwa michezo ya kompyuta hazifai. MacBook Air ya M1 nayo inakubali skrini moja tu ya nje kwa njia ya kawaida. Anayetaka mbili hutumia njia hii.

Adapta ina mwelekeo

Adapta ya HDMI kwenda VGA haigeuki kuwa ya VGA kwenda HDMI, hata kama ncha zinaingia. Waya wenye DisplayPort upande mmoja na HDMI upande wa pili hutoka kwenye laptopu ya DisplayPort kwenda kwenye TV ya HDMI. Kinyume chake hapana. Dukani taja vyote viwili: picha inatoka wapi na inakwenda wapi.

Kutoka HDMI kwenda VGA lazima kuwe na chipu ya kugeuza dijitali kuwa analogia. Nyaya tupu zisizo na chipu zinauzwa, na kwa laptopu hazifanyi kazi kabisa. Chipu hiyo hula umeme. HDMI inahakikisha milliampea 55 tu kwa volti 5, na chipu nyingine hutaka zaidi, ndiyo maana adapta hupata moto na picha kukatika kila baada ya dakika chache. Chagua yenye kitundu cha kuongezea umeme wa USB na tundu la sauti la milimita 3.5. Ya VGA kwenda HDMI huhitaji umeme wa USB na waya wa sauti kutoka tundu la hedifoni.

Kuunganisha

Chomeka waya wa picha kwenye vifaa vyote viwili kabla ya kuwasha umeme ukutani. Chaja za pini mbili na ekstensheni zisizo na ethi huacha umeme mdogo kwenye gamba la nje la laptopu. Ndio ule unaowasha vidole ukigusa chuma cha projekta, na unaweza kuunguza tundu la HDMI. Projekta na laptopu zikichukua umeme kwenye ekstensheni moja yenye ethi, hata ile mistari inayopanda polepole kwenye picha ya VGA mara nyingi huondoka.

Washa projekta, chagua chanzo sahihi kwa rimoti, kisha bonyeza Windows na P. "Duplicate" huonyesha kitu kilekile pande zote. "Extend" humwachia mzungumzaji noti zake kwenye kioo chake. Kwenye Mac, bonyeza Command na kitufe cha kupunguza mwangaza ili kubadilisha kati ya hali hizo mbili. Kioo kikigoma kuamka, Windows, Ctrl, Shift na B kwa pamoja huanzisha upya programu ya picha bila kufunga kazi zako.

Sauti ikipotea, HDMI imeichukua. Bonyeza alama ya spika chini kulia na urudishe spika unazotaka.

Kasoro na chanzo chake

Picha ya VGA ikiwa ya njano, rangi ya bluu haifiki. Ikiwa ya zambarau, kijani kimekatika. Ikiwa ya bluu-kijani, nyekundu ndiyo haipo. Shika plagi uso kwa uso, upande mpana juu: pini tatu za kwanza kutoka kushoto ni nyekundu, kijani, bluu. Iliyopinda inyooshe taratibu kwa ncha ya chuma ya penseli ya kubonyeza isiyo na risasi, mara moja tu, maana ikikunjwa huku na huku hukatika. Pini moja ya safu ya kati mara nyingi haipo tangu kiwandani, usiihangaikie. Picha ikigoma kupita ukubwa wa nukta 1024 × 768, kagua safu ya chini, pini ya pili na ya mwisho; hizo ndizo zinazoiambia laptopu uwezo wa skrini.

Kwa HDMI, nukta nyeupe zinazometameta au giza la sekunde moja moja humaanisha waya mrefu au dhaifu. Mita 10 hadi 15 za kwenda darini huwezekana kwa 1080p (picha ya Full HD) kama waya ni mnene. Kwa 4K, yenye nukta mara nne ya hizo, ukipita mita 5 hivi matatizo huanza. Shusha hadi 1080p. Picha ikitulia, mgonjwa ni waya. Kipanya kikisuasua kwenye skrini ya 4K, fungua "Advanced display": ukikuta Hz 30, yaani picha 30 kwa sekunde, adapta au tundu ni la kiwango cha HDMI 1.4, na Hz 60 inataka 2.0.

Kiangazi cha Dodoma kina vumbi jembamba linaloganda ndani ya matundu. Toa kwa brashi laini kavu mashine ikiwa imezimwa. Usipulize kwa mdomo, maana mate huligeuza tope.

Kwa ukumbi, adapta nne zinatosha: USB-C, DisplayPort, Mini DisplayPort na VGA, zote zikielekea HDMI. Zifunge kwenye pete moja ya waya karibu na ncha ya HDMI ya meza kuu. Zisipofungwa zitaondoka na mgeni.