Kuweka Vikumbusho na Milio ya Arifa Katika Kalenda ya Simu

Katika simu nyingi ninazoletewa kwa madai kwamba kalenda haikumbushi, nimekuta kikumbusho kimewekwa sawasawa, ila mlio wake umezimwa mahali pengine kabisa. Kikumbusho huwekwa ndani ya kalenda, lakini sauti yake hutawaliwa na mipangilio ya simu yenyewe. Hatua zifuatazo zinafuata Kalenda ya Google katika simu ya Android.

Hatua ya kwanza. Fungua kalenda, gusa alama ya mistari mitatu, ingia kwenye Mipangilio, kisha uchague Matukio chini ya akaunti yako. Hapo pana arifa ya kawaida ambayo kila tukio jipya huipata, na kwa kawaida ni dakika 30 kabla ya tukio kuanza. Ibadilishe ikiwa haikufai.

Hatua ya pili. Fungua tukio lenyewe, gusa alama ya kuhariri, kisha uongeze arifa. Muda uhesabu kwa kuangalia jambo utakalolifanya utakaposikia mlio, wala si saa ya tukio peke yake: mkutano wa mtandaoni hutosheka na dakika 10, lakini safari inahitaji arifa mbili, moja ya siku 1 kabla kwa ajili ya kufungasha na nyingine ya saa 2 kabla kwa ajili ya kuondoka. Tukio la siku nzima halina saa ya kuanza, kwa hiyo arifa yake hupangiwa siku na saa yake. Usichague barua pepe ikiwa unategemea kusikia mlio wa kalenda.

Hatua ya tatu. Hakikisha kalenda ina ruhusa ya kutuma arifa. Tangu Android 13 ya mwaka 2022, programu hulazimika kuomba ruhusa hiyo, na aliyeikataa siku ya kwanza kwa haraka huwa amekwisha kusahau.

Hatua ya nne ndiyo inayowashinda wengi. Tangu Android 8 ya mwaka 2017, arifa za kila programu zimegawanywa katika makundi, na kila kundi lina sauti yake. Ingia kwenye Mipangilio ya simu, kisha Programu, Kalenda, halafu Arifa. Gusa kundi la arifa za matukio, hakikisha halikuwekwa kimya, kisha uchague mlio. Nakusihi uchague mlio usiofanana na ule wa ujumbe, kwa sababu sikio likishazoea sauti moja kwa kila kitu huacha kuijali. Pandisha pia sauti ya arifa, ambayo ni tofauti na sauti ya muziki. Kumbuka kwamba arifa hulia mara moja na kunyamaza. Jambo lisilovumilia kukosewa, kama kumeza dawa, liwekee kengele ya saa, inayoendelea kulia kwa muda usipoizima.

Hatua ya tano. Tazama kama hali ya Usinisumbue imewashwa, na kama simu inaizuia kalenda kufanya kazi ili kuokoa betri.

Sasa jaribu: tengeneza tukio litakaloanza baada ya dakika 10, liwekee arifa ya dakika 5, funga skrini na uiweke simu mbali nawe. Arifa ikifika bila sauti, rudi hatua ya nne. Isipofika kabisa, anza na ruhusa, kisha betri.