Diski na pedi mpya za breki kwa gari ya kila siku: nunua nini, acha nini

Diski ni lile bamba la chuma linalozunguka na tairi, pedi ndo zinalibana gari isimame. Kabla hujaenda dukani fikiria kwanza breki zako zinafanya kazi zikiwa na joto kiasi gani. Gari ya kwenda kazini na kurudi, foleni, kupeleka watoto shule, breki zake muda mwingi ziko baridi au vuguvugu tu, basi nunua za hali hiyo. Kuna watu wanachukua pedi za mashindano kwa sababu eti "zinashika balaa", ni kweli zinashika, ila mpaka zipate moto kwelikweli, sasa asubuhi ukikanyaga breki ya kwanza gari inaenda tu kama haijakusikia, na juu ya hapo zinapiga kelele na kutafuna diski. Hizo waachie wenyewe.

Diski zenye matundu nazo ni vilevile. Zinapendeza kwenye rimu iliyo wazi, sikatai, ila matundu yanapunguza chuma cha kubeba joto na nyufa zikianza zinaanzia palepale kwenye tundu. Kwa gari ya kawaida chukua diski ya uso mtupu, ya aina ileile iliyotoka na gari, yaani kama ilikuwa na mapengo ya hewa katikati unarudisha yenye mapengo, usikubali kuuziwa ile iliyojaa chuma tupu kisa "inaingia". Kuingia sio kufaa.

Saizi ndo inaumiza watu wengi. Gari moja, mwaka mmoja, inaweza kuwa na saizi mbili za diski kutegemea injini au toleo, kwa hiyo kumwambia muuzaji jina la gari na mwaka haitoshi, mpe chesisi namba, na ukiweza pima kabisa kipenyo cha diski ya zamani, kimo chake na tundu la katikati. Pedi ya zamani usiitupe, nenda nayo dukani uilalishe juu ya mpya, masikio yake na umbo vifanane.

Sasa je, diski zenyewe zinahitaji kubadilishwa au pedi tu zinatosha? Angalia kwenye kofia ya diski, ile sehemu ya katikati iliyoinuka, au pembeni yake, mara nyingi utakuta imeandikwa MIN TH na namba, huo ni unene wa mwisho unaoruhusiwa. Ukipima kwa venia, kile kipimo cha taya mbili, kuwa makini, kwenye ukingo wa nje kuna kile kituta cha kutu ambacho pedi haikigusi kabisa, venia inakamata hapo na kukupa namba kubwa kuliko ukweli. Dawa ni kuweka sarafu mbili zinazofanana, moja kila upande pale pedi inapopita, unapima vyote kwa pamoja kisha unatoa unene wa zile sarafu, na urudie sehemu kadhaa kuzunguka diski. Tuseme imeandikwa 20 mm na wewe umepata 20.4, kisheria bado iko hai ila ukiiwekea pedi mpya itafika mwisho kabla pedi hazijaisha, hapo mimi nabadilisha vyote. Ikiwa imebaki na nyama ya kutosha, haina ufa wala mifereji mirefu na gari haitetemeki ukifunga breki, weka pedi tu. Pedi zenyewe ukiona nyama imefika 3 mm anza kutafuta nyingine, usisubiri kile kibati cha kelele kianze kulia.

Pedi ziko za aina tatu utakazokutana nazo. Oganiki ni laini, kimya, zinashika vizuri zikiwa baridi ila zinaisha haraka na kwenye mteremko mrefu zinachoka. Semi-metaliki zina nyuzi za chuma, zinavumilia joto na mizigo, lakini vumbi jeusi kwenye rimu na kelele kidogo utazoea. Seramiki hazina makelele, vumbi lake ni jepesi, zinadumu, bei juu. Kwa mtu wa mjini asiyebeba mizigo mimi namwambia seramiki kama mfuko unaruhusu, anayevuta trela au anayeshuka milima kila siku achukue semi-metaliki nzuri.

Kitu ambacho watu hawaangalii ni herufi mbili kwenye mgongo au ubavu wa pedi, kama EE, FF au GG. Ya kwanza ni msuguano pedi ikiwa na joto la kawaida, ya pili ikiwa na moto. E ni 0.25 hadi 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45, G ni 0.45 hadi 0.55. Ukikuta FE maana yake ikipata moto inapungua nguvu. FF inatosha kabisa gari nyingi za kila siku. Ila herufi hazikwambii pedi itadumu muda gani wala kama italia, na mtengenezaji wa feki naye anajua kuchapa herufi, kwa hiyo angalia pia alama ya E ndani ya duara yenye namba ya R90, hiyo ni kanuni ya Ulaya inayotaka pedi ya kubadilishia isitofautiane na ya asili kwa zaidi ya asilimia 15. Pedi isiyo na alama yoyote, boksi tupu, rangi imemwagikia mpaka kwenye nyama, iache.

Unabadilisha ekseli nzima, kushoto na kulia pamoja. Usiweke mpya upande mmoja, gari itavuta.

Ukifungua, linganisha pedi ya ndani na ya nje. Kama moja imeisha na nyingine bado nene, mara nyingi pini za kalipa (kile kibano kinachoshika pedi) zimekwama, na ukifunga pedi mpya bila kuzisafisha nazo zitaisha hivyohivyo. Pini zipakwe grisi ya silikoni, sio grisi ya kawaida, ile inavimbisha mipira. Pistoni, ile inayosukuma pedi, ukiirudisha ndani mafuta ya breki yanapanda, chungulia tanki yasimwagike. Na kama handibreki yako ya nyuma ni ya umeme usilazimishe pistoni, kuna hali ya matengenezo inayowekwa kwanza, ukilazimisha unaua mota.

Halafu habu, pale katikati diski na rimu zinapofungwa. Watu wanalalamika "diski mpya zimepinda" wakati tatizo ni kutu iliyobaki kwenye habu. Punje ndogo tu pale inafanya diski icheze, magari mengi yanataka isizidi 0.05 mm hivi, ukizidisha pedi inaigusa sehemu moja kila mzunguko mpaka unene wa diski unakuwa haufanani, ndo baada ya muda usukani unaanza kutetemeka. Sugua habu kwa brashi ya waya mpaka uone chuma kinang'aa. Diski mpya ifute mafuta ya kiwandani kwa spreyi ya kusafishia breki. Nati za tairi kaza kwa mpangilio wa msalaba, moja kisha ya upande wa pili, kwa spana ya kupimia nguvu, fundi akija na mashine ya upepo na kuzipiga tu mwambie apunguze.

Kabla hujawasha gari kanyaga pedali mara kadhaa mpaka iwe ngumu, hili usilisahau maana mara ya kwanza inashuka mpaka chini. Kisha tafuta barabara tupu, nenda 60 km/h ufunge breki kiasi mpaka 10 hivi bila kusimama kabisa, rudia mara nane au kumi ukiacha nafasi kati ya kila moja, af endesha polepole bila breki zipoe. Ukisimama zikiwa za moto usibaki umekanyaga, pedi zinaacha alama palepale. Harufu kidogo siku hiyo ni kawaida.