Kuchora safari ya Marco Polo kwenye shuka: mwongozo kwa klabu za historia za Moshi na Arusha

Ramani nyingi za Marco Polo zinazotundikwa madarasani zina kasoro moja: huchora mstari mmoja mnene, kana kwamba kila mahali kitabu chake kinapotaja alipakanyaga kwa miguu yake. Mfanyabiashara huyu wa Venice alisimulia mambo ya aina mbili, aliyoyaona na aliyoyasikia kwa wengine, na Zanzibar iko kwenye fungu la pili. Ramani nzuri hutenganisha mafungu hayo hata kwa macho ya mwanafunzi aliyekaa dawati la nyuma.

Tafuta shuka jeupe la kitanda cha sita kwa sita. Pale Memorial, Moshi, au kwenye masoko ya mitumba ya Arusha, chagua la pamba tupu. Lenye nailoni halishiki wanga, na wino hutambaa. Koroga vijiko vinne vya mezani vya unga wa muhogo kwenye maji baridi kidogo, mimina kwenye lita mbili za maji yanayochemka, ukipika hadi uji uwe mwepesi na ung'ae. Chovya shuka, kamua, anika, piga pasi likiwa na unyevu kidogo. Ukiruka hatua hii, kila jina utakaloandika kwa kalamu ya wino litavimba na kuwa doa.

Chora mstatili wa sentimita 230 kwa 150. Kila nyuzi (digrii) moja ya ramani ni sentimita 2. Ukingo wa kushoto ni nyuzi 10 mashariki, wa kulia 125. Wa juu ni nyuzi 50 kaskazini, wa chini 25 kusini. Piga mistari ya penseli kila sentimita 20, kisha hamisha pwani kutoka kwenye atlasi mraba kwa mraba. Fuata mistari ya nyuzi ya atlasi, hata pale inapopinda. Ukikisia kwa jicho, Bara Hindi hunenepa na Uajemi hutoweka.

Sasa weka vituo. Namba ya kwanza ni sentimita kutoka ukingo wa kushoto, ya pili kutoka ukingo wa chini.

Kwenda (uzi mwekundu): Venice 4, 140, Acre 50, 116, Ayas 52, 124, Tabriz 72, 126, Kerman 94, 110, Hormuz 94, 104, kisha Kerman tena, Balkh 114, 124, Kashgar 132, 128, Khotan 140, 124, Dunhuang 170, 130, Shangdu 212, 134.

Kurudi (uzi wa bluu): Quanzhou 218, 100, kaskazini mwa Sumatra 174, 60, Sri Lanka 142, 64, Kollam 134, 68, Hormuz, Tabriz, Trabzon 60, 132, Constantinople 38, 132, Venice.

Weka pia Moshi, 55, 43, ili wanafunzi wajione wako wapi.

Kosa la kwanza hutokea Hormuz, bandari ya Uajemi. Wachoraji huvusha uzi mwekundu baharini hadi India. Marco, baba yake Niccolò na ami yake Maffeo, walioondoka Venice mwaka 1271, walirudi nyuma kutoka Hormuz na kushika njia ya nchi kavu. Kitabu kinazilaumu meli za pale: mbao zimeshonwa kwa kamba za makumbi ya nazi badala ya misumari, mlingoti mmoja, tanga moja, hakuna sitaha. Mwalimu, simama hapa na uwaonyeshe wanafunzi picha ya mtepe wa pwani yetu, nao umeshonwa vivyo hivyo. Vyombo vya kushonwa vilivuka Bahari ya Hindi kwa karne nyingi. Aliyezihukumu alitoka kwenye mji wa meli za misumari.

Kati ya Balkh na Kashgar kuna milima ya Pamir, na hapa ndipo Moshi na Arusha zina bahati. Kitabu kinasema huko juu moto hauwaki vizuri wala chakula hakiivi sawasawa, na kinasingizia baridi. Alichokiona ni kweli. Sababu ndiyo si hiyo. Kadiri unavyopanda, hewa hupungua uzito wake, na maji huchemka kabla ya kufikia joto la kutosha. Chemsha maji shuleni na upime kwa kipimajoto kinachofika nyuzi 110 za Selsiasi, ncha isiguse chini ya sufuria. Moshi utasoma karibu 97, Arusha karibu 95. Kituo cha Horombo kwenye Kilimanjaro, mita 3,720, ni karibu 88, na Kibo, mita 4,720, karibu 85. Mpishi yeyote wa mlimani atawaeleza jinsi maharage yanavyogoma kule.

Marco na wenzake walifika kwa Kublai Khan, mtawala wa Kimongolia wa China, karibu mwaka 1275, wakakaa miaka 17. Ndani ya China chora kwa wino mwembamba, maana mpangilio wa safari zake huko haujulikani kituo kwa kituo. Yangzhou, anakodai aliwahi kutawala, weka alama ya kuuliza; kumbukumbu za Kichina hazimtaji. Mwanafunzi akiuliza mbona hakutaja Ukuta Mkuu, jibu ni kwamba ukuta wa mawe tunaouona kwenye picha ulijengwa zaidi enzi za Ming, kuanzia 1368, yeye akiwa ameshafariki.

Kurudi walisafiri na msafara uliompeleka binti mfalme Kököchin kuolewa Uajemi: meli 14 na, kwa maelezo ya kitabu, watu 600 bila kuhesabu mabaharia. Sumatra walikaa miezi mitano wakingoja upepo. Watu wa pwani yetu wanaijua habari hiyo, kwani upepo wa kuwapeleka magharibi ndio huohuo wa kaskazi unaoleta majahazi kwetu.

Fungu la kusikia lishone kwa nukta nyeusi, bila kuliunganisha na uzi mwekundu wala wa bluu. Japan iko nje ya shuka, basi weka mshale ukingo wa kulia. Madagascar, yenye ndege wa kubeba tembo. Zanzibar, 58, 38, anayoiita kisiwa chenye mzunguko wa maili 2,000, ilhali Unguja ina urefu wa kama kilomita 85. Ukipata uzi wa kijani, mchoree Ibn Battuta, msafiri wa Morocco aliyefika Mombasa na Kilwa kweli mwaka 1331.

Usipime umbali kwa rula tu. Sentimita 2 ni kilomita 111 kwenye ikweta, lakini kwenye nyuzi 40 kaskazini, ukienda mashariki au magharibi, ni 85 tu. Kashgar hadi Dunhuang ni sentimita 38: kwa hesabu ya ikweta ungepata zaidi ya kilomita 2,100, na jibu sahihi ni kama 1,600.

Chini ya ramani chora utepe wa miaka, sentimita 3 kwa mwaka, kuanzia 1254 alipozaliwa: 1271 ni alama ya 51, 1275 ni 63, kuondoka China 1292 ni 114, kurudi Venice 1295 ni 123. Kwenye 132, yaani 1298, andika gereza la Genoa, ambako mwandishi Rustichello wa Pisa aliandika masimulizi ya Marco. 1324, mwaka wa kifo, ni 210.

Ukimaliza, viringisha shuka kwenye bomba la plastiki, maandishi yakitazama ndani. Usilikunje: wanga hukatika kwenye mikunjo na wino hubanduka. Livike gunia la nailoni na ulitundike juu, kwa sababu panya hupenda wanga wa muhogo.