Nyota ya Karatasi kwa Meza ya Krismasi

Anayekusudia kupamba meza ya Krismasi kwa karatasi huku Mbeya, Tukuyu au Mafinga hana budi kuanza na hali ya hewa, kwa sababu Desemba ni mwezi wa mvua na karatasi hunyonya unyevu hata ikiwa kabatini. Karatasi iliyonyonya unyevu hulegea, mkunjo wake haushiki, na pambo lililokunjwa usiku huweza kuanza kufunguka kabla wageni hawajaketi. Iache karatasi katika pakiti yake hadi siku ya kazi, kisha uipitishie pasi ya uvuguvugu isiyo na maji, ukiwa umeifunika kwa kitambaa safi.

Pambo ninalolipendekeza ni nyota bapa ya ncha 8, inayolala katikati ya meza chini ya bakuli la matunda au chombo cha maua. Wamoravian, ambao wamisionari wao walifika Rungwe mwaka 1891, wana nyota yao mashuhuri ya Majilio, yenye ncha 25, iliyoanzia katika shule ya Niesky, Ujerumani, katika miaka ya 1830. Ile ni kazi ya kuning'iniza na huhitaji subira kubwa. Hii ya mezani hutokana na mkunjo mmoja unaorudiwa mara 8, na hata mtoto wa darasa la nne anaweza kuimudu akielekezwa vizuri.

Chukua karatasi 2 za rangi za ukubwa wa A4, zile nyembamba za kawaida zinazouzwa steshenari. Manila haifai hapa kwa kuwa matabaka yake yakipandana nyota huwa nene na hailali. Kata kila karatasi upate miraba 4 yenye upande wa sentimita 10.5, ukitumia rula na wembe mkali, nawe utabakiwa na utepe wa sentimita 8.7 kwa 21 katika kila karatasi. Usiutupe utepe huo.

Kunja mraba kwa mshazari, kona ikutane sawasawa na kona ya pili, kaza mkunjo kwa ukucha au kwa mgongo wa kijiko, kisha ufungue. Sasa chagua kona moja ambayo mstari huo unapita, na uzilete pande mbili zinazokutana kwenye kona hiyo hadi kingo zake ziulalie mstari wa katikati bila kupandana. Utapata umbo la tiara, lenye ncha kali upande mmoja na kona ya mraba upande wa pili. Huu mkunjo wa kwanza wa mshazari ndio unaoamua kila kitu: ukikosea milimita moja katika kila kipande, kosa hujumlika, na kipande cha 8 hakitakutana na cha kwanza. Ni heri kutupa mraba mmoja kuliko kuulazimisha.

Laza tiara ya kwanza, mikunjo ikiwa juu, kona ya mraba ikikuelekea. Paka gundi kidogo tu, kwa kijiti cha meno, kwenye nusu ya kulia ya sehemu iliyo karibu nawe, kwa maana gundi nyingi hukunyanza karatasi. Weka tiara ya pili juu yake, kona za mraba zikigusana mahali pamoja na ukingo wa kushoto wa ile ya pili ukifuata mstari wa kati wa ile ya kwanza. Endelea hivyo kuzunguka, na tiara ya 8 uiingize nusu yake ya kulia chini ya tiara ya kwanza ndipo uigandishe. Nyota itakuwa na upana unaokaribia sentimita 30. Igandamize chini ya vitabu vizito usiku mzima. Kwa nyota ndogo za kuweka chini ya vikombe, tumia miraba ya nusu ya kipimo hicho.

Tepe zilizobaki zikunje kwa mikunjo ya kupishana, ya sentimita 1 kila mmoja, ubane mwisho mmoja kwa uzi, na utapata feni ya kusimamisha ndani ya glasi ya kila mgeni. Mifuko ya kaki, iliyoenea madukani tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Juni 2019, ni migumu kiasi cha kufaa sana kwa feni, ilimradi haina mafuta, na rangi yake ya kahawia hupendeza ikichanganywa na nyeupe.

Umeme ukikatika jioni ya Krismasi, mshumaa uwekwe ndani ya glasi nzito, kwenye meza nyingine kabisa, mbali na nyota na feni hizo.